Turudishieni Alhamisi: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya yetu

Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
Kutoka: Daktari mstaafu wa kituo cha afya, milima ya Usambara

YAH: KUFUTWA KWA KLINIKI YA PRESHA NA SUKARI YA SIKU YA ALHAMISI

Ndugu Mganga Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwa umri ningeweza kukuita mwanangu na usingeona vibaya, lakini hii ni barua ya ofisi, kwa hiyo nitabaki na Ndugu. Jina la wilaya sikuliandika, wala la kituo. Wewe unajijua, na wagonjwa wanakijua kituo chao. Wengine wakisoma, nataka walione jambo lenyewe.

Kabla ya kuja hadharani nimegonga milango yote. Niliinua mkono kwenye kikao mwaka jana nikiwa bado mtumishi, nikaambiwa hoja yangu itachukuliwa. Nikastaafu. Machi mwaka huu nikaandika barua, masjala wakagonga muhuri wa kuipokea. Juni nikaandika ya pili. Agosti likaja jibu la mstari mmoja na nusu: suala langu linafanyiwa kazi. Nikajaribu hata sanduku la maoni lililoko ukutani pale mapokezi. Baadaye nikaambiwa ufunguo wake aliondoka nao afisa mmoja aliyehamishwa, na karatasi zilizomo humo hakuna anayejua ni za mwaka gani.

Kwa muundo wa utumishi nilikuwa daktari msaidizi. Kwa watu wa huku nilikuwa daktari tu, na kwa nyumba nyingi daktari wa familia, maana bibi nilimtibu presha, mama nikamzalisha, na mtoto aliyezaliwa leo hii ananipita njiani akinisalimia shikamoo bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemkata kitovu. Miaka 26 kituo kimoja.

Kliniki ya Alhamisi tuliianza mwaka 2008 bila semina wala bajeti. Tulikuwa na wagonjwa 14 wa presha, kila mmoja anakuja siku yake, leo anaonwa na huyu, kesho na yule. Mimi na muuguzi mmoja tukawaambia waje wote siku moja. Tulichagua Alhamisi kwa sababu ni siku ya gulio: magari yanapanda, mtu akishauza kabichi zake anapitia kituoni. Wagonjwa wakaongezeka mpaka benchi likawa halitoshi, tukaongeza magogo. Na pale benchini kulikuwa na kazi iliyofanyika ambayo hakuna rejesta iliyoinasa. Wazee walikuwa wanajuana nani ameacha chumvi na nani anadanganya kwamba ameacha. Mtu asipokuja, mwenzake wa mtaa mmoja alikuwa na sababu yake: amekwenda msibani Korogwe, au amehamia kwa dawa za mitishamba, au hana nauli. Jioni tulikuwa tunajua nani wa kufuatwa.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka tisa. Redio ilikuwa inatangaza Mtu ni Afya, kampeni ya kitaifa ya afya na usafi, na baba yangu alichimba choo mwaka huo. Alipoulizwa baadaye, hakusema redio ilimshawishi. Alisema ni yule mwalimu aliyekuwa anakaa na wanakijiji kila wiki kuisikiliza, kwa sababu wiki iliyofuata alikuwa anarudi na kuuliza: shimo limefika wapi? Sijapata kusoma maelezo mazuri zaidi ya kazi yangu.

Sasa mpangilio mpya. Tangu Januari mwaka jana hakuna siku maalumu. Mgonjwa wa presha anakuja siku yoyote na anaingia chumba chochote kilicho wazi. Watoa huduma wanazungushwa vyumba kila wiki, na kila miezi mitatu wanazungushwa vituo. Mliita jambo hili kuboresha mtiririko wa wagonjwa.

Februari nilikwenda mwenyewe kuujaribu mtiririko huo, maana na mimi nina presha. Nilifika saa moja na robo asubuhi, nikaitwa saa sita kasoro. Kijana aliyenihudumia amekuja baada yangu, hanijui, na sikujitambulisha. Alikuwa na adabu zake. "Shikamoo mama, tatizo ni nini?" Macho yalikuwa kwenye kompyuta, na simlaumu, kwa sababu mfumo ukikaa kidogo bila kuguswa unamtoa nje aanze upya. Nikasema nimekuja kuchukua dawa za presha. Akauliza natumia zipi. Nikamtajia. Tangu lini. Nikamtajia. Akaandika. Nilitoka na dawa za siku 14. Nilitazama saa mlangoni: dakika nne, na moja kati ya hizo alikuwa anahangaika na nywila.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mgonjwa wa muda mrefu hana mtu wake.

Nitaeleza kisa cha mzee mmoja wa presha. Familia imeniruhusu, na nimebadili mambo mawili matatu ili mzee asitambulike.

Mwezi wa kwanza wa mpangilio mpya alipewa amlodipini. Ni dawa nzuri, ya bei nafuu, inashusha presha kweli, na kwa baadhi ya watu inavimbisha miguu. Yeye ikamvimbisha. Mwezi wa pili akaingia chumba kingine, akakuta mtu mwingine, akaonyesha miguu. Aliyemwona aliona mzee mwenye presha na miguu iliyovimba, akahofia moyo, akampa furosemidi, ile ambayo wazee wanaiita dawa ya kukojoa. Mwezi wa tatu mzee akaja kulalamika kwamba anaamka usiku mara nne, mara tano. Chumba kingine tena. Mwanamume wa umri ule akikojoa sana usiku, akili inakimbilia tezi dume au maambukizi, basi akapimwa mkojo na kupewa antibayotiki. Mwezi wa nne akasema akisimama anaona kizunguzungu. Aliyempokea alipima malaria, akaandika hasi, akampa paracetamol.

Choo chake kiko nje, hatua kama ishirini kutoka mlangoni, na ni mteremko. Alianguka usiku wa manane, ukungu umeshuka. Nyonga ikavunjika. Walimbeba mpaka barabarani kwenye kitanda cha kamba, na wiki sita zilizofuata alizilalia hospitali ya mkoa. Sasa hivi anakaa nje ya nyumba yake kwenye kiti cha plastiki, na kila ninapopita ananiuliza kama kliniki imerudi.

Karatasi zote nne nimezisoma. Ukinipa yoyote peke yake niisahihishe, nitaweka tiki. Kila mmoja alijibu swali lililokuwa mezani kwake siku ile. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo mwezi uliotangulia. Mtu mmoja aliyeona miguu ile kabla haijavimba angebadili kidonge kimoja, na hadithi ingeishia mwezi wa pili.

Na usidhani najisifu kwamba sisi wa zamani tulikuwa hatukosei. Niliwahi kumtibu mama mmoja kikohozi kwa miezi miwili nikiamini ni moshi wa jiko. Ilikuwa kifua kikuu. Nililigundua kosa langu kwa sababu moja tu: alirudi kwangu mimi yule yule na kikohozi kile kile, na dawa zangu mwenyewe zikawa zinanitazama usoni. Kwa mzunguko wenu ningempa wiki mbili za dawa ya kikohozi na nisingemwona tena, nikaenda kulala nikijua nimefanya kazi.

2. Presha inapimwa kwa haraka mpaka haina maana.

Hili halihitaji maelezo mengi kwako, tumesoma vitabu vile vile. Mgonjwa akae kimya dakika tano, aegemee, nyayo zikanyage chini asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo. Huku kwetu watu wanapanda. Mtu aliyepanda kilima saa nzima, akapimwa akiwa amesimama kwenye foleni, mkanda umefungwa juu ya sweta, utapata namba bila shaka. Kisha kwa namba hiyo anaongezewa kidonge.

3. Vipimo vimechukua nafasi ya maswali.

Asiyemjua mgonjwa na aliye na dakika nne atafanya nini? Ataandika vipimo. Ndiyo maana wilaya nzima ina UTI na taifodi. Ninalo mbele yangu daftari la mama mmoja jirani yangu: taifodi mara tisa katika miaka miwili, kila mara kwa kipimo cha Widal. Kipimo hiki kilielezwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, kina umri mkubwa kuliko Reli ya Kati, na hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, ambazo hubaki mwilini baada ya ugonjwa wa zamani na huweza kujitokeza kwa maradhi mengine kabisa. Mara tisa amemeza antibayotiki. Zikija kugoma siku atakapozihitaji kweli, tutaandika ugonjwa sugu.

Nilimwita nyumbani, nikamwandalia chai, nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye mfumo wenu: unalala? Hakujibu mara moja. Kijana wake wa kwanza aliondoka kwenda mjini, simu yake haipatikani, mwaka wa pili sasa. Kila siku mwili unachoka, kichwa kinagonga, tumbo linawaka. Hakuna kipimo cha maabara chenye jibu la hilo.

4. Chumba kimoja, meza mbili, hakuna pazia.

Siku ile ya Februari, wakati naulizwa dawa zangu, mwanamke wa meza ya pili alikuwa anaeleza shida ya sehemu za siri kwa sauti ya kunong'ona, na mimi nilisikia kila neno. Nikaanza kukohoa makusudi ili ajue nipo. Kwenye kliniki yetu ya zamani kulikuwa na mama aliyekuja mara tano na maumivu ya kichwa. Mara ya sita akafungua kitenge bega likaonekana. Hizo mara tano alikuwa ananipima mimi.

5. Daftari.

Mmekataza wagonjwa kuja na madaftari kwa sababu kila kitu kiko kwenye mfumo. Sipingi kompyuta. Nimezeeka, lakini sijawa mjinga: takwimu zinazokwenda juu bila kunakiliwa usiku kucha kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za huduma za afya, ni faraja kubwa kwa muuguzi. Ila umeme ukikatika, na huku unakatika, kijana anabaki na mgonjwa ambaye hana historia. Lakini daftari la mgonjwa, lile la kurasa 40 lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, lenye harufu ya moshi na miandiko ya watu saba, linasafiri naye. Akianguka Tanga mjini kwa mwanawe, linafunguliwa. Bibi mmoja alilishonea la kwake jalada la kanga. Aliporudishwa nalo dirishani akaambiwa halihitajiki, alidhani amefukuzwa kliniki, na hakuja miezi minne.

Najua majibu yenu, kwa sababu baadhi yake nimeyasikia kwenye kikao.

Mtasema watumishi hawatoshi. Kweli hawatoshi, na hawakutosha mwaka 2008. Alhamisi haikuomba mtu wa ziada. Iliomba watu wale wale wawili wakae mahali pale pale siku ile ile. Uhaba ndio sababu kubwa ya kutopoteza kile ambacho mtu mmoja amekwisha kukijua. Kuna utafiti wa Norway uliotoka mwaka 2022, uliopitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni nne na nusu. Waliokuwa na daktari yule yule kwa zaidi ya miaka 15, ukiwalinganisha na waliokuwa naye mwaka mmoja tu, uwezekano wao wa kufariki ulikuwa pungufu kwa takriban robo, na wa kulazwa kwa dharura pungufu kwa zaidi ya robo. Utasema Norway si Usambara. Sawasawa. Kule mgonjwa akisahauliwa na daktari wake anaweza kuita gari la wagonjwa na likafika. Huku akisahauliwa anabebwa kwenye kitanda cha kamba.

Mtasema wastani wa wagonjwa wanaohudumiwa umepanda. Umepanda, nami nimeuona ubaoni siku ya ukaguzi wa nyota, ule wa kukipa kituo alama za ubora. Mzee wangu wa nyonga amehesabiwa humo mara nne. Mimi kwa dawa za siku 14 nahesabiwa mara mbili kwa mwezi, na ninakaa karibu. Wapo wanaolipa bodaboda shilingi 4,000 kuja na 4,000 kurudi kwa ajili ya dawa ambazo pengine ni rahisi kuliko nauli. Wengi wao wanafanya uamuzi wa busara kabisa: wanameza siku moja, wanaruka siku moja, dawa zifike mwezi.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya rushwa. Mlisema wagonjwa walikuwa wameanza kuwa wa daktari fulani, na hapo ndipo bahasha zinapoingia. Ni kweli bahasha zipo, nimeziona. Na mimi mwenyewe nitoe ushahidi: katika miaka 26 nimepokea kuku watatu, mapeasi kila msimu, na mbuzi mmoja niliyemrudisha, akaletwa tena amechinjwa. Tulimla sisi watumishi wote, pamoja na mlinzi. Lakini tazama bahasha inatoka wapi. Anayetoa pesa ni mgeni asiyejulikana anayeogopa kutupwa nyuma ya foleni. Aliyezoeleka hana haja ya kununua alichokwisha kuwa nacho. Kama bado mna wasiwasi, wekeni wawili chumbani, kila malipo yaende kwa namba ya malipo ya serikali, na kamati ya kituo ipewe orodha ya wagonjwa ipite kuwauliza. Dawa ya mwizi wa mahindi si kuchoma shamba.

Kuna jambo jingine ambalo linapaswa kuwashughulisha ninyi kuliko mimi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Watu hawa wa kabichi na maharage tunawaambia walipe kabla hawajaugua. Atakayelipa mwaka mzima ataanza kuuliza amenunua nini. Mimi nikiulizwa benchini, kwa sasa sina jibu.

Ninaomba haya:

(a) Alhamisi irudi, na wapangwe kwa majina tabibu au daktari mmoja na muuguzi mmoja ambao hawatazungushwa kwa walau mwaka mzima. Wasiwe mimi; nimestaafu na sitafuti mkataba. Yule kijana wa Februari anafaa sana. Ana adabu, na aliniuliza mambo mawili sahihi katika dakika tatu.

(b) Mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za siku 30. Bohari ya Dawa ikichelewesha mzigo, aambiwe ukweli dirishani.

(c) Daftari liruhusiwe kusindikiza mfumo.

(d) Meza ya pili ihamishwe, au kama chumba hakuna, liwekwe pazia. Pazia nimeshashona, mita sita za kitambaa kizito, liko kwangu. Nilichokosa ni ruhusa ya kupiga misumari kwenye ukuta wa serikali.

Naomba jibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na nakala yake ibandikwe pale mapokezi, maana wanaolisubiri ni wengi na si wote wana simu za kusomea barua kama hii. Ukiona vema kuja badala ya kuandika, dawa zangu za siku 14 zinaisha Jumatano. Alhamisi nitakuwa benchini kuanzia saa moja asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Daktari msaidizi mstaafu, na mgonjwa wa presha

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo, Ubao wa matangazo, gulioni